Ombi la Kusogezewa Mwamba

Kwa Ndugu Mkuu wa Idara ya Ramani za Bahari,

Natumaini u mzima, na mashine zenu pia. Mimi ni fundi cherehani. Kila Jumamosi, kwa miaka tisa sasa, naenda kuvua kwenye mwamba wa matumbawe ambao nilidhani naujua peke yangu. Mwaka jana vijana wako wa vipimo walipita dukani kuuliza habari zake, na sifa zikaniponza. Niliwapeleka mwenyewe. Wakateremsha mashine yao ya kupima kina, na leo ramani yenu imebandikwa ukutani pale zahanati, imeandikwa kwa herufi nene: Mwamba wa Fundi. Shukrani hiyo imeniumbua, kama ifuatavyo:

1. Umbali. Mmeandika mita mia nne kutoka ufukweni. Nyumbani kwangu inajulikana kuwa ni mwendo wa saa tatu kwa kasia, ndiyo maana huondoka alfajiri na kurudi jioni, hoi.

2. Kina. Eti mita mbili na nusu. Ndugu Mkuu, wakwe wa mtu hawamwiti Nahodha kwa mita mbili na nusu. Mama mkwe huniombea dua kila nikitoka. Sasa dua zote hizo nitazirudishaje?

3. Papa. Nimewasimulia watoto habari zake tangu hawajaota meno, na kovu nimewaonyesha. Ninyi mmeandika: hakuna.

4. Samaki. Mmeandika ni wengi mno. Mimi hurudi na wawili. Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi hapo hapo zahanati, ananiuliza mbele ya wagonjwa kutwa nzima huwa nafanya nini huko.

Nikueleze ukweli, maana barua hii ni ya siri: huwa nalala. Nyumba yetu ina vyumba viwili, watu tisa na cherehani isiyonyamaza. Mwamba ule unakata mawimbi, mtumbwi unatulia tuli. Sina mapumziko mengine.

Kwa hiyo naomba mwamba usogezwe, kwenye ramani tu, kilomita kumi kuelekea bahari kuu. Kina kiongezwe, na papa awekwe mmoja, hata mdogo, kwa hisani yako. Mkiona mwamba ni mzito, basi ufukwe ndio urudishwe nyuma. Bahari ni kubwa, hakuna atakayesema amepunjwa.

Wasalimie vijana wa vipimo, sina kinyongo nao, na wote wa nyumbani kwako.

Mimi mwenye mwamba,
Fundi (zamani Nahodha)

N.B. Nilimwomba mke wangu stempu, akaisoma barua yote akiwa amesimama. Kumbe ukiosha vyombo jikoni, mwamba unaonekana dirishani. Mimi sijawahi kusimama hapo. Ameniona miaka yote tisa, kofia usoni, na hakumwambia mtu, maana anasema kila mtu lazima apate pa kupumulia. Sasa anauliza mashine yenu ilipima nafasi ya watu wangapi, kwa sababu Jumamosi hii anakuja na mto wake. Maji ya mbali humtapisha. Tafadhali, mwamba uacheni hapo hapo.