Kompyuta ya Gharib

Gharib alikuwa na kipaji kimoja cha hakika: kumnusa mtu anayetaka kudanganywa. Mwaka ule wa 1984, katika mkahawa mmoja wa Malindi, alimwona Bwana Msellem, mwenye duka la masufuria, akiikodolea macho sinia ya halwa bila kuigusa. Akauliza. Akaambiwa mzee ana ugonjwa wa sukari, na Sista Hafidha wa zahanati amemkataza utamu.

Tajiri, mlafi, tena amekatazwa! Gharib alikaribia kumshukuru Mungu kwa sauti.

Wiki ya pili akabisha hodi kwa Msellem amevaa suti, mkononi kashika kalkuleta ya Kijapani aliyoifunga waya wa redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na hicho nini?"

"Kompyuta. Weka kidole gumba hapa. Inaisoma damu, habari zinapita hewani mpaka kwa madaktari wa Ujerumani, nao wanajibu papo hapo."

Msellem akaweka kidole. Gharib akabonyeza, akakunja uso, akashusha pumzi.

"Sukari tano. Safi kabisa. Wanasema halwa ruhusa, ila usile ukiwa na hasira."

Msellem, ambaye katika kuuza masufuria hajapata kupunjwa hata mfuniko, aliamini kila neno. Akalipa, akala, akawaita jamaa zake, nao wakaja na vidole vyao. Dawa za zahanati zikaachwa. Wala hakuna aliyejiuliza kwa nini Wajerumani hawamkatazi mtu kitu.

Miezi mitatu baadaye kidonda kikamtoka Msellem mguuni, kikakataa kupona. Sista Hafidha, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, akaja barazani kwake, akakitazama kidonda, kisha akamgeukia Gharib, aliyekuwa ameketi hapo na kompyuta yake.

"Mwanangu, mashine yako yasemaje?"

"Tano, Sista. Hayo ni mambo ya viatu."

"Basi kesho nileteeni mkojo wake niupime. Ukiwa safi, wagonjwa wangu wote nitawaleta kwako mwenyewe."

Wagonjwa wote! Mate yakamjaa Gharib kinywani. "Nitauleta mimi," akasema. "Mzee asiusumbue mguu."

Asubuhi akaichukua chupa ya Msellem, akaingia kichochoroni, akaimwaga mtaroni na kuijaza mkojo wake mwenyewe: mkojo wa mwanamume wa miaka thelathini na sita, anayejisifu hajapata kumeza hata kidonge cha kichwa.

Zahanati ilikuwa imejaa. Msellem naye alikuja akichechemea, aje apokee pongezi. Hafidha akatia matone katika dawa ya buluu, akakishika kichupa juu ya moto. Dawa ikageuka kijani. Ikawa manjano. Mwisho ikatulia kwenye rangi ya matofali.

"Sukari imezidi mno," akasema Hafidha. "Mwenye mkojo huu ana kiu isiyokatika, usiku haoni usingizi kwa kwenda msalani, na nguo zinampwaya. Asipotibiwa, tutamzika."

Gharib akautazama mkanda wake. Mwezi huo alikuwa ameutoboa matundu mawili mapya.

"Sista," akasema, "huo mkojo si wa mzee."

"Wa nani?"

"Wangu."

Msellem akainua bakora, na jamaa zake wakasimama nyuma yake. Hafidha akajitia katikati.

"Mtampiga baadaye. Sasa hivi ni mgonjwa wangu. Na wewe, Bwana Msellem, chukua chupa, uende msalani."

Mkojo wa Msellem nao ukatoa rangi ile ile. Mguu ulipona, ila vidole viwili vilikatwa.

Gharib alilazwa siku hiyo hiyo. Alipoiona sindano, akaushika mkono wa Hafidha.

"Sista, nitapona lini?"

"Huponi. Utaishi na ugonjwa huu, kwa sindano, maisha yako yote."

Macho yakamjaa machozi. "Hebu nidanganye kidogo, Sista."

"Mie sijui kudanganya," akasema Hafidha, akamchoma.