Shemeji wa Upande Upi?

Mfanyabiashara akikaa dukani mwake huku amewapa wateja mgongo, ujue anaumwa, na ugonjwa wake si wa kupelekwa hospitali. Ndivyo alivyokutwa Bwana Saruji asubuhi ile. Alikuwa amekigeuza kiti chake kielekee ukutani, anatazama kopo la misumari kana kwamba misumari itamfariji.

Shemeji, aliyekuwa akipita na shughuli zake, akasimama. Shughuli zake zenyewe zilikuwa hizo hizo za kupita.

Huyu Shemeji hakuwa shemeji wa mtu yeyote. Hakuwa ameoa, na dada yake mkubwa, aliyekuwa ndugu yake pekee, hakuwa ameolewa. Lakini aligundua zamani kwamba ukimwita mtu shemeji kwa furaha, ukaushika mkono wake kwa mikono yako miwili, ataona haya kukuuliza ni shemeji wa upande upi. Atajisemea moyoni, ukoo wetu ni mkubwa, nami sikuhudhuria harusi zote. Kwa haya hiyo ya watu wema, Shemeji alikuwa amekula, amevaa, na mara moja aling'olewa jino bure. Mtaji wake mwingine ulikuwa jozi ya viatu vyenye ncha, vilivyong'aa hata ukaweza kujitazama meno.

"Shemeji!" aliita. "Mbona umewanunia watu?"

Bwana Saruji akageuka, akaitafuta harusi kichwani asiipate. "Aa, shemeji! Karibu. Za siku?"

"Nzuri. Nani kakuudhi?"

Bwana Saruji akaonyesha kwa kidole gumba nyuma ya bega, bila kutazama. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vigae, gari jipya jekundu lilikuwa linaoshwa na mwenyewe, Bwana Vigae.

"Tangu alfajiri analiosha," Bwana Saruji alisema. "Gari lenyewe halijakanyaga tope tangu lizaliwe. Analiosha ili nimwone."

"Kalinunua?"

"Kalinunua."

"Basi mpe pole." Shemeji akaegemea kaunta. "Siku hizi nani mwenye akili ananunua gari? Linakodiwa. Unalipa amana, halafu kidogo kidogo kila mwezi. Unaendesha miaka mitatu, likianza kukohoa unalirudisha, unapewa jipya. Uzee wake anaubeba mwingine. Tena si gari kama lile, lile ni sabuni yenye magurudumu. Nazungumzia gari la juu, la kifahari, si kubwa la kukushinda kuegesha, si dogo la kukuaibisha. Saizi ya mtu mwenye heshima zake."

"Amana si itakuwa kubwa?"

"Kwa mtu baki, ndiyo. Kwa shemeji..." Akapunguza sauti. "Nusu."

Kiti kikageuka kikaelekea barabarani.

"Usiamue leo," Shemeji alisema kwa upole wa daktari. "Alhamisi nakuletea nyumbani ulione. Macho hayalipi kodi."

Shemeji hakuwa na kampuni yoyote ya kukodisha magari kwa miaka mitatu. Aliyoijua yeye ni yadi moja inayokodisha magari ya maharusi, na mwenye yadi alikuwa mtu asiyeamini kitu ambacho hawezi kukigonga kwa vidole. Alitaka malipo ya siku tatu na rehani juu yake. "Rehani iwe kitu kizito," alisema. "Kitu chepesi mwenyewe hukisahau. Jumamosi adhuhuri gari likiwa halijarudi, rehani ni yangu."

Malipo Shemeji aliyakwangua kwa akiba yake; kitu kizito pekee alichokijua kilikuwa friza ya dada yake.

Dada alikuwa anauza barafu na juisi baridi mlangoni pake. Friza ile ndiyo iliyolipa chumba, ndiyo iliyolipa chakula alichomfunikia mdogo wake kila jioni kwa sahani, hata jioni ambazo mdogo mtu hakurudi. Shemeji alimwambia friza inaunguruma vibaya, fundi aisikilize. Dada hakusikia muungurumo wowote, lakini alishukuru.

"Asante kwa kunifikiria, mdogo wangu," alisema, akampa na nauli ya kuipeleka.

Shemeji aliipokea ile nauli. Tuseme tu kwamba aliipokea akiangalia pembeni.

Alhamisi gari lilisimama mbele ya nyumba ya Bwana Saruji, iliyokuwa nyuma tu ya duka lake. Lilikuwa na rangi ya maziwa, viti vya ngozi, paa la kioo, na milango iliyofungwa kwa sauti ndogo kama mtu anayesema "hm". Bwana Saruji alilizunguka, mikono mgongoni. Ng'ambo ya barabara, kitambaa cha Bwana Vigae kilisimama katikati ya bodi.

Ndani, chai ilikuwa tayari. Mezani, chini ya chombo cha maua, palikuwa na bahasha nene. Shemeji aliiona kabla ya kuona watu. Watu wenyewe walikuwa Bwana Saruji, mkewe, na mama yake mzazi, aliyekaa pembeni akichambua mchele kwenye ungo, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Kwa hiyo," mke aliuliza, "tukimaliza kulipa miaka mitatu, gari linakuwa letu?"

"Hapana, shemeji. Mnalirudisha."

"Tunarudisha gari, na wao wanarudisha fedha?"

"Fedha hazirudi. Ila mtakuwa mmefurahi."

"Tutakuwa tumefurahi," mke alirudia, kama anayeonja mchuzi usio na chumvi.

"Mambo ya kisasa hayo, huwezi kuyaelewa," Bwana Saruji alimwambia. Yeye mwenyewe hakuwa ameelewa, ila dirishani aliona kitambaa cha Bwana Vigae bado kimesimama, na hicho alikielewa vizuri sana. Mkono wake ukaanza safari kuelekea kwenye chombo cha maua.

"Samahani, wanangu," mama alisema kutoka pembeni. "Macho yangu yamechoka. Huyu ni shemeji wa upande upi?"

Katika maisha yake yote ya kazi, Shemeji hakuwahi kuulizwa swali hilo. Lilikuwa limelala kila mlango aliopita, na kila mtu alikuwa amelivuka kwa adabu. Sasa limeamka. Akanyanyua kikombe cha chai, akanywa taratibu apate muda.

"Ngoja, usiniambie," mama akaendelea, akisogeza miwani. "Si wewe mume wa binti yangu wa mwisho? Yule aliyeolewa mbali?"

"Ndiye mimi, mama!" Shemeji aliruka kama samaki aliyerudishwa majini. "Nikasema leo mama atanikumbuka?"

Chai ikampalia Bwana Saruji. Alikohoa, akafungua kinywa kusema neno, na mama yake akamsogezea kipande cha mkate kikubwa kuliko kinywa chenyewe.

"Kula, mwanangu. Enhe, mkwe wangu. Hajambo huko?"

"Hajambo, mama. Haipiti siku bila kukutaja."

"Na ile miguu yake?"

"Miguu? Aa, miguu! Imepona kabisa. Anakimbia."

"Mungu mkubwa. Na watoto?"

"Wawili. Mapacha." Shemeji aliongeza mapacha kwa sababu watu hupenda mapacha.

"Mapacha!" Mama akajifuta macho kwa upindo wa nguo. Mke wa Bwana Saruji akainuka ghafla akakimbilia jikoni, mabega yanatetemeka, na Shemeji akaguswa kuona kwamba naye analia.

"Basi mambo ya fedha yasubiri," mama alisema. Aliichukua bahasha, akaifukia chini ya mchele. "Mkwe hafiki siku moja akaanza kuuziana na watu. Jumamosi tutaamua. Gari lina mafuta?"

"Limejaa, mama."

"Kesho nina miadi ya macho."

"Naam!" Bwana Saruji alisema, mkate umemshuka sasa, na uso wake umejaa nuru mpya. "Tulijaribu kwanza. Mtu hanunui kiatu bila kukivaa."

Shemeji akapiga hesabu. Bahasha ile nene, kwa kumsubiri bibi mmoja hadi Jumamosi asubuhi. Akacheka, akaomba chai nyingine.

Ijumaa akampeleka mama kupimwa macho. Kutoka hapo wakamwamkia rafiki yake mgonjwa. Kutoka hapo ikaonekana kwamba wateja wa Bwana Saruji wanasubiri makopo yao ya rangi, na kwamba mlango mmoja wa mbao unaenea vizuri sana juu ya viti vya ngozi ukitanguliziwa gazeti. "Shemeji hakatai," Bwana Saruji alisema, akipakia. Mafuta yakaisha, Shemeji akajaza kwa mfuko wake, maana mkwe gani humwomba mama mkwe fedha za mafuta? Na kila baada ya safari gari liliegeshwa mbele ya duka, pua yake imeelekezwa kwa Bwana Vigae.

Kilichomsumbua zaidi si mafuta. Ni kwamba kila waliposimama, mama alimpa yeye maji kwanza, ndipo akanywa. Kliniki, palipokuwa na kiti kimoja, alikifuta kwa nguo yake akamwambia, "Kaa wewe, mwanangu, umeshika usukani tangu asubuhi." Alipomshusha jioni, alimkabidhi mkate na mayai ndani ya karatasi. Shemeji alihisi kitu kifuani, akadhani ni kiungulia.

Nyumbani alimkuta dada mlangoni, anamrudisha mteja. "Friza iko kwa fundi," alikuwa anasema. "Mdogo wangu anaishughulikia." Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa. Kiungulia kikazidi.

Jumamosi alifika mapema, viatu vimeng'arishwa. "Mama, leo tuamue. Nina safari."

Mama alikwisha kaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. "Tutaamua njiani. Kata kulia."

Akakata kulia. Akaambiwa kushoto, halafu kulia tena, na mtaa ukaanza kufanana na mtaa anaoujua, hadi ukawa wenyewe hasa. "Simama hapo," mama alisema. Ulikuwa mlango wa dada. Hapakuwa na friza, wala wateja. Kigoda kitupu tu.

"Unamjua mtu hapa, mama?" aliuliza Shemeji.

"Hununua barafu hapa, ya magoti yangu. Mwenye barafu huniongezea kipande kila mara, na nikitaka kulipa hicho cha ziada hujifanya hasikii. Ukutani pake pana picha yako. Hunionyesha, anasema, huyu ndiye mdogo wangu. Kwa hiyo Alhamisi nilikujua kabla hujavua viatu."

Shemeji akashika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari halikuwa linakwenda. "Na binti yako wa mwisho?"

"Mwanangu wa mwisho ni huyo muuza saruji. Binti sikujaliwa."

"Na mapacha?" aliuliza kwa huzuni. Alikuwa ameanza kuwapenda.

"Hao ulikuja nao wewe."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Mbele ya watu, na kikombe changu mkononi mwako?" Mama akarekebisha miwani. "Tena nilikuwa na miadi ya macho. Na jana jioni nilituma mtu barafu, akaambiwa friza umeipeleka kwa fundi. Haya, iko wapi?"

Akamwambia yote. Hata ile nauli. Mama akatazama jua kupitia paa la kioo. "Twende. Adhuhuri haina mkwe wala shemeji."

Kwanza walipitia dukani, mama akasema neno moja dirishani, kisha wakaenda. Mwenye yadi alilizunguka gari, akanusa rangi, akatoa punje ya mchele kwenye kiti, akaitazama sana. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Akachukua funguo, akaitoa friza nje ya geti, akapangusa mikono. "Kuibeba si kazi yangu."

Shemeji alibaki kando ya friza kama mtu aliyesimama kaburini. Ndipo akaja Bwana Saruji na mkokoteni wa dukani, anacheka peke yake.

"Amekodi!" alimwambia mama yake kwa mbali. "Vigae! Ameliuza lile jekundu kwa hasara, amekodi la juu, kubwa kuliko hili. Miaka mitano! Asubuhi hii hakuliosha, amekaa tu ndani yake anapiga hesabu."

"Na wewe?" Shemeji aliuliza, biashara ikimfurukuta kwa mara ya mwisho. "Hukodi?"

"Nikodi ya nini? Nilitaka aache kuosha gari mbele yangu. Ameacha." Akaupigapiga mkokoteni. "Ila huu, shemeji, nakukodisha. Unalipa amana, unauendesha, ukichoka unaurudisha. Uzee wake naubeba mimi."

"Sina hata senti. Zote nimetia mafuta."

"Basi rehani." Macho ya Bwana Saruji yakashuka taratibu hadi chini. "Iwe kitu ambacho mwenyewe hawezi kukisahau."

Hivyo mji ukamwona Shemeji akisukuma friza pekupeku juani, na kando yake bibi kizee amemfunulia mwavuli, yeye mwenyewe nusu nje ya kivuli. Kila duka walilopita liliita, "Shemeji! Shemeji, vipi?" Naye akaitikia kila mmoja, kwa kuwa wote walikuwa mashemeji zake.

Dada alitoka mbio, akaishika friza kama anayempokea mtoto. "Asante, mdogo wangu! Fundi amesemaje?"

"Amesema... friza nzima."

"Nilijua tu. Na viatu vyako je?"

Mama akafunga mwavuli, akajibu kwa niaba yake: "Ameviacha kwa shemeji yake."

Dada, ambaye hakuwahi kuolewa, akamtazama mama, akamtazama mdogo wake, akaitazama miguu yake yenye vumbi.

"Shemeji?" aliuliza. "Wa upande upi?"