Bibi wa Kaseti ya Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Bado niko chini ya meza. Fundi anadhani natafuta skrubu. Skrubu ninayo mfukoni. Nimejificha kwa sababu yule dada wa cherehani, ng'ambo ya barabara, anashona huku anaimba kwa pua wimbo wa Bibi. Bibi wangu! Wimbo ambao dunia nzima naujua mimi peke yangu.

Nieleze, maana hata mimi nikija kusoma nitasahau. Redio zikiletwa kwetu kutengenezwa, nyingi zinakuja na kaseti imekwama tumboni. Wenye redio wengine hawarudi tena. Fundi anasema kaseti ni takataka, toa tupa. Mimi natoa. Situpi. Ziko kwenye kopo la biskuti, chini ya nyaya. Hazina majina, kwa hiyo wanamuziki wangu nimewabatiza mwenyewe, mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka.

Yupo Kikohozi, anayekohoa kabla ya kila ubeti, kikohozi cha adabu, kama anabisha hodi. Wapo Wawili Wasioelewana: mmoja gitaa, mmoja kinanda, kila mmoja anajiona kiongozi, na hakuna wimbo waliowahi kuumaliza pamoja. Yupo Bwana Subiri, ambaye katikati ya wimbo anamwambia mpiga ngoma asubiri. Mpiga ngoma hasubiri. Nampenda sana mpiga ngoma.

Na juu ya wote, Bibi. Kaseti ya kijani. Sauti nyembamba, ya haraka, kama kuku anayekimbia mvua na bado halowi. Sura yake naijua ingawa sijaiona: mfupi, viatu vyekundu, hana mume wala hamtafuti.

Sasa huyu dada kamjulia wapi? Mtu mwingine angevuka barabara akauliza. Mimi nina mpango.

Jumanne, 5 Machi

Mpango ulikuwa hivi. Redio ikipona, kawaida yetu ni kuiweka mlangoni ipige, wapitao waone kazi. Leo nikaweka mlangoni redio ya kupimia, ile kongwe ya Fundi yenye mpini wa waya. Hiyo ndiyo mama wa zote. Kila redio inayotoka hapa tunailinganisha nayo: kaseti ileile huku, kaseti ileile kule, unazungusha skrubu ya mota mpaka mwendo ufanane. Fundi anasema bila redio ile tungekuwa vipofu.

Nikampiga Bibi. Nikajikunyata nyuma ya boksi, nikachungulia kwenye tundu.

Dada akaacha kukanyaga cherehani. Akainua kichwa. Akakunja uso. Halafu akacheka! Akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa shati la mteja. Nilijiandaa kwa mshangao. Nilijiandaa hata kwa machozi. Kicheko hakikuwemo kwenye mpango.

Akatokea Spika. Huyu ni jirani yetu muuza kava za simu, ana spika ndefu kama kabati, na anapiga nyimbo ambazo kila mtu anazijua tayari, ili asikilizaye asipate taabu. Akauliza ni nani anayekaba paka humu ndani. Mimi huwa ananiita Bubu. Akasema, Bubu, mwachie paka wa watu. Nilimtazama kwa ukali mkubwa. Bahati mbaya alikuwa ameshageuka.

Jumatano, 6 Machi

Nimechana suruali. Goti la kulia, kwa bisibisi, kwa kudhamiria. Mwenye suruali mbovu ana haki ya kukaa kwa mshonaji, na anayekaa anasikia.

Nikavuka. Dada akatazama goti, akasema haya, ivue.

Mpango wangu haukuwa umefika hapo.

Nikakaa nyuma ya pazia la duka, nimejizungushia pazia lingine la mteja, lenye maua. Mara nasikia Spika anaingia. Anataka kujua kama dada ameupenda ule muziki wa jana. Dada akasema umemgusa. Basi Spika akakohoa kidogo, akasema mwimbaji yule ni shangazi yake. Shangazi yake kabisa. Anaishi ng'ambo, anaimba kwenye mahoteli.

Dada hakucheka. Akamuuliza kwa upole, shangazi ni mnene au mwembamba? Spika akasema wa kadiri. Ana watoto? Spika akasema hajajaliwa. Dada akasema pole yake, akimpigia simu amsalimie sana, amwambie kuna mtu hapa anamheshimu kama mzazi.

Nilikuwa nauma maua ya pazia. Mwongo! Lakini utatokaje kumsuta mtu huna suruali?

Spika alipoondoka, dada akanipitishia suruali pembeni ya pazia. Akauliza, "Kaka, ile kaseti ni ya kwenu?"

Swali langu mwenyewe, nimeletewa mkononi. Nikamuuliza anauza zipu za aina gani. Zipu! Suruali yangu ni ya vifungo.

Alhamisi, 7 Machi

Wazo limeniamsha vibaya. Anayeujua wimbo huenda anamjua mwenye kaseti. Na mwenye kaseti akijulikana, kaseti si yangu tena. Kwa hiyo nikimpata Bibi, nimempoteza Bibi. Udadisi unanivuta shati, uchoyo unanivuta suruali. Suruali yenyewe ina kiraka.

Mpango: niinakili kwanza. Nikaitia kwenye redio ya mteja yenye milango miwili ya kaseti. Ikaimeza. Utepe ukatoka kama utumbo, ukatambaa mpaka nje, Fundi akaukanyaga akaenda nao chooni na kurudi. Nimeurudisha kwa kalamu, taratibu, namwomba Bibi radhi. Haukukatika. Una kunyanzi tu pale anapopanda juu.

Nainua kichwa, dada huyu hapa mlangoni. Hajawahi kuvuka barabara. Akaomba kuisikia tena. Nikaipiga kwenye mama wa zote. Akasikiliza kidogo, akauliza, "Mbona mnamkimbiza hivyo?"

Sikuelewa. Lakini mdomo wangu, ambao siku zote haufanyi kazi, ukachagua siku ya leo. Nikamweleza Bibi wote. Viatu vyekundu. Hana mume wala hamtafuti. Kuku na mvua. Dada akawa anauma midomo.

Nilipomaliza akasema, "Kaka. Huyo bibi ni baba yangu."

Nikakaa juu ya chuma cha kuchomelea nyaya. Kilikuwa cha moto. Ndiyo maana leo naandika nimesimama.

Akanieleza. Zamani baba yake aliimba kwenye sherehe za watu. Alirekodi mara moja tu, kaseti hiyo. Kaka yake dada akaleta redio kwetu, kisha akahamia mbali kikazi, na nyumbani kila mtu akaamini mwenzake ameshaifuata. Walipokuja kuulizana, hakuna aliyekumbuka ni kwa fundi yupi. Halafu baba akapasuliwa koo. Sasa ananong'ona tu, na akitaka chumvi anagonga meza. Mdogo wao wa mwisho hajawahi kusikia sauti ya baba. Dada amebaki na wimbo wa kushonea, na hata huo anaogopa ameanza kuukosea.

Akasema sauti ya baba ilikuwa nzito. Vikombe vilitikisika kabatini. "Huyu wenu ni nani sijui. Maneno ni ya baba, koo si lake."

Ijumaa, 8 Machi

Nimefungua redio ya kupimia. Ndani ya mota kuna tundu, ndani ya tundu kuna skrubu ya mwendo. Imezungushwa mpaka mwisho, ikagandishwa kwa rangi ya kucha.

Nikamwita Fundi. Fundi akaangalia dari. Akasema hali ya hewa imebadilika. Nikamwonyesha tena. Basi akasema polepole kwamba, zamani hizo, nyimbo za taratibu zilikuwa zinamchelewesha kupima kazi, na mke wake hapendi chakula kipoe. Akaongeza mwendo kidogo. Akazoea.

Nikamuuliza, na redio zote tulizozilinganisha na hii? Mtaa mzima? Akaniuliza kuna aliyelalamika? Nikasema hapana. Akasema unaona, watu wa hapa wachangamfu. Kisha akaniambia nisithubutu kumwambia mtu. Naandika tu, sisemi.

Dada akaja. Nikashika bisibisi, yeye akafumba macho. Punguza. Punguza. Rudisha kidogo. Hapo.

Bibi akashuka. Akashuka kama mtu anayeteremka ngazi huku anavua vitu: kwanza viatu vyekundu, kisha uembamba, kisha haraka zote. Alipofika chini akawa mwanamume, sauti pana kama mlango, haina mahali inapowahi. Bakuli la skrubu likaanza kulia mezani.

Dada akajifunika uso kwa futi kamba. Mimi nikaenda chini ya meza kutafuta skrubu.

Alipoondoka nikalitoa kopo, nikazipiga kaseti zote upya. Hawa wote sijawahi kuwasikia! Kikohozi hakohoi. Ni kiti, mtu anakaa sawa kabla ya kuimba. Wawili Wasioelewana bado hawaelewani, ila sasa wanachukua muda mrefu zaidi. Na Bwana Subiri! Mpiga ngoma wake kumbe anasubiri. Kidogo sana, kama pumzi, lakini anasubiri. Miaka yote nimemsingizia ukaidi.

Jumamosi, 9 Machi

Baba mtu amekuja. Mrefu, kofia mkononi. Tukampa kiti mbele ya redio. Alisikiliza mpaka mwisho, hakulia, hakutabasamu, alikuwa anagonga meza kwa vidole, na kwenye ile kunyanzi yangu akanikazia jicho.

Spika naye akaja kuchungulia. Dada akamwambia, "Umefika wakati mzuri. Msalimie shangazi yako."

Spika akamtazama mzee, akatazama redio, mzee akanong'ona maneno mawili ya wimbo pamoja na sauti yake mwenyewe. Spika akasema, "Shikamoo," kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Mzee akagonga meza mara moja. Tumeichukulia kuwa ni marahaba.

Nikaitoa kaseti ya kijani, nikampa kwa mikono miwili. Ilitoka kwa shida, kama jino. Nikamsimulia na habari za kopo, na za kiti cha Kikohozi. Mzee akanivuta sikio karibu na mdomo wake. Akanong'ona nije kwao kesho na redio yangu, na kopo langu. Wale wengine huenda anawajua. Kiti kile, alisema, anakishuku.

Dada akauliza, "Utakuja?"

Nikasema nitaangalia kama wiki yangu ina nafasi. Wiki yangu ni nafasi tupu!

Sasa ni jioni. Mchana imeletwa redio nyekundu, tumboni mna kaseti isiyo na jina. Nimeipiga humohumo. Mwanamke! Sauti nyembamba ajabu. Huyu ni mrefu, mjane, anafuga njiwa. Sina shaka hata chembe. Skrubu ya mota sijaiangalia, ya nini? Nimeshambatiza Mama Njiwa.

Limebaki jambo moja, kumjulisha dada kwamba kesho nitakuja. Ningeweza kuvuka barabara nikasema neno moja. Lakini nimefikiria njia iliyo salama zaidi.

Lazima niondoke. Dada ameanza kufunika cherehani, na goti la kushoto nimeshalichana.