Mjumbe wa Kebo na Chenga za Mtaa wa Sorrel

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Leo natimiza miaka mitatu katika Kamati ya Kebo ya mji wetu wa Tarkwood, Massachusetts. Hakuna aliyenipongeza. Nimejipongeza mwenyewe kwa donati mbili.

Kamati ni mimi, Casimir Bielak, pamoja na wazee wawili wanaokuja kwa sababu ukumbi wa mji una joto. Kazi yetu ni kuichunga Kampuni inayoleta televisheni majumbani kwa waya. Mji unairuhusu kutandaza nyaya zake kwenye nguzo zetu, nayo imeahidi kupokea simu ndani ya nusu dakika, kuleta fundi siku aliyosema, na kutuachia Chaneli ya Nane, ambako mkazi yeyote anaweza kurusha kipindi. Yeyote! Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Mimi nina "Kunoa na Casimir", Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Nusu saa ya tupa na msumeno, bila muziki wa kipuuzi. Dada yangu Jadwiga anasema kinamtuliza sana. Huamka kikiwa kimekwisha.

Alhamisi saa moja jioni, saa ya dhahabu, ni ya jirani yangu Odete Furtado na supu zake. Aliniwahi kujaza fomu. Nilifika studio saa mbili asubuhi, yeye alikuwa pale tangu saa moja na nusu, akiwagawia watu wa foleni vitumbua vyake vya maziwa. Hongo! Nilikula vitatu ili nipate ushahidi.

Saa ile itakuwa yangu. Naapa.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimemtazama Odete kwenye televisheni yangu ya chini, katika chumba cha karakana. Tangu Machi nimeacha kuisumbua Kampuni kwa jina langu na malipo yangu. Nina waya wangu mdogo unaopita chini ya uzio, chini ya maua. Haumdhuru mtu.

Soseji amezikata upande. Kisu butu! Mji mzima unaona! Nimeandika barua ya malalamiko, ya arobaini na moja, bila jina. Kisha, kwa kuwa malalamiko hupokelewa na mimi, nimeipokea, nimeigonga muhuri na kuiweka kwenye faili. Utaratibu ni utaratibu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimempelekea wakili wa mji, Bwana Pelletier, faili lote. Nikamwambia wananchi wamechoka, kipindi kifungwe. Akaniuliza ni wananchi gani hao ambao taipureta zao zote hupiga herufi "e" kombo. Nikasema ni jambo la kawaida mtaani kwetu.

Akanirudishia faili. Sheria haimruhusu Meya wala kamati kugusa kilichomo ndani ya kipindi. "Mzee Casimir," akasema, "mji unasimamia waya. Supu hausimamii."

Vizuri. Basi nitapitia kwenye waya.

Jumanne, 10 Oktoba

Mungu hamtupi mja wake! Odete mwenyewe amekuja na lalamiko, limeandikwa kwa mkono na kusainiwa. Televisheni yake ina chenga tangu Machi, hawezi hata kujiona. Ameniita jirani mwema, akaniachia sahani ya vitumbua, akasema, "Nakutegemea wewe, Bwana Bielak, maana Kampuni wananizungusha tu."

Mimi nilikuwa nikimeza mate. Si kwa vitumbua. Hesabu ilikuwa imekwisha kujipanga kichwani: leseni ya Kampuni inakwisha, kikao cha wananchi ni Alhamisi, na ni mimi niliyepanga kiwe saa moja jioni, kirushwe Chaneli ya Nane na kumfuta hewani. Nitadai upimaji wa mtaa mzima. Wakipima, matokeo yatasomwa kwenye vikao vya saa ile ile kwa wiki kadhaa. Saa ikishamtoka, fomu yangu iko tayari.

Chenga tangu Machi. Ajabu. Yangu picha ni safi kama kioo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ushindi! Ukumbi umejaa. Wapenzi wa supu wote, kwa kukosa kipindi, wamekuja kutazama kikao, na waliobaki nyumbani wanakitazama Chaneli ya Nane.

Kila mtu hupewa dakika tatu kwenye kipaza sauti. Nilitumia kumi na moja. Nikapiga meza. Nikasema Kampuni imewafanya wajane wa mji huu waangalie chenga ndani ya nyumba zao. (Odete si mjane. Mume wake alinipungia mkono.) Nikadai wapime kila nguzo, kila uzio, kila nyumba ya Mtaa wa Sorrel, na matokeo yasomwe hadharani Alhamisi ijayo saa moja. Watu wakapiga makofi. Odete akapiga kuliko wote.

Nalala nikiwa mtu mkubwa.

Jumatano, 18 Oktoba

Gari la Kampuni limeingia mtaani, antena juu kama pembe za mbuzi. Fundi ni mwanamke, anaitwa Lorraine, ana kifaa kinacholia mahali mawimbi yanapovuja. Nilitoka kumwonyesha kazi.

Kililia kidogo kwa Odete. Kililia zaidi kwenye uzio. Kilipofika kwenye maua yangu kikapiga kelele mpaka mbwa wakajibu. Nikamwambia Lorraine aache, hapo nimezika mizizi ya tulipu. Akapiga magoti. "Mzee," akasema, "tulipu zako zina shaba."

Nikakumbuka waya. Sasa ndipo nikakumbuka!

Nimempa kahawa. Akanywa, akashukuru, akaandika kila kitu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote za maisha yangu, na saa niliipanga mwenyewe.

Lorraine alisoma. Mtaa mzima salama, ila nyumba namba kumi na saba. Waya wa wizi umeungwa kwenye laini ya Bi Furtado. Ndio unaomletea chenga. Nyumba ya Bwana Casimir Bielak, mjumbe wa kamati. Kamera ikanigeukia. Nilijiona kwenye televisheni ya ukumbini: hatimaye Alhamisi, saa moja, mimi peke yangu.

Meya akanivua ujumbe papo hapo. Mtu wa Kampuni akasimama akitaja mahakama. Nitasema kweli, shajara, niliona haya mpaka nikataka kulia.

Ndipo Odete akaenda kwenye kipaza sauti. Akasema, "Ndiyo, jirani huyu ni mwizi, na mimi ndiye niliyeibiwa." Akatoa faili langu. Pelletier alimpa nakala, malalamiko ni mali ya umma. "Barua arobaini na moja," akasema. "Anajua nilipoweka chumvi mara mbili. Anajua tarehe niliyounguza vitunguu. Mume wangu tumeoana miaka thelathini, hajawahi kunitazama hivi! Sina mtazamaji mwingine kama huyu. Mwacheni."

Ukumbi ukacheka. Hata Kampuni ikacheka. Wakaondoa shtaka, kwa sharti nililopewa na Odete: kila Alhamisi niwe kwenye kipindi chake, ninoe visu.

Kiti changu katika kamati amepewa yeye.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nimenoa mbele ya mji mzima. Soseji zikakatika sawa. Odete akanishika bega, akaniambia mbele ya kamera kwamba nina mikono ya daktari. Roho yangu ilitulia. Huyu mama ni mtu mwema, na mimi nimemkosea.

Nilipewa dakika nne tu, lakini. Nne!

Jumapili, 29 Oktoba

Nimetafakari kwa kina. Nimekuwa mtu mwingine.

Nimemwandikia mjumbe mpya wa kamati barua, bila jina, kwamba wananchi wanataka sehemu ya visu iwe dakika ishirini. Safari hii kwa mkono wa kushoto.

Pia nimesoma kwenye sheria kwamba mji husimamia nyaya tu. Madishi yale madogo ya juu ya paa hauyasimamii hata kidogo! Nimenunua moja. Shida ni paa langu, limefunikwa na mti. Dohani ya Odete ni ndefu, iko wazi kabisa kusini, dishi linakotaka kutazama, na Jumatano yeye na mumewe wanakwenda kwa binti yao.

Kesho nitamwomba ngazi.