Anwani ya Miwani Kwenye Kazi ya Binti Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Miwani kaja tena. Ndiyo lakabu yake kazini, huyo anayefanya kazi na binti yangu. Shingo kama bomba, chai anakunywa bila kusifu. Wanaziandikia hospitali mbili kamusi ya kompyuta, ili zielewane. Wenyewe wanaiita ontolojia, jina kama la ugonjwa. Alhamisi mkubwa wao anaikagua. Ikipita, binti anapata ajira ya kudumu.

Nimechungulia kompyuta ya binti. Mabano kila mahali kama ua wa miiba, na kila neno limetanguliwa na Miwani! Miwani, mgonjwa. Miwani, dawa. Na mwanangu ndiye anayeumwa mgongo kwa kuandika! Binti akacheka: mama, hiyo ni alama tu, neno lijulikane limetoka kamusi ipi, kama mnavyotia alama ndoo bombani. Mbona alama si yake? Eti Miwani ndiye aliyeanza. Hata mwizi wa ndoo husema hivyo.

Jumanne, 4 Juni
Binti bafuni. Nikafanya kama nilivyomwona akifanya: neno la zamani, neno jipya, badilisha yote. Miwani kwisha! Limekaa jina la binti.

Jioni wakaijaribu. Inafanya kazi vilevile! Miwani hakuona hata haya. Kasema alama andika hata sufuria, kompyuta hutazama ile anwani ndefu ya juu kabisa. Anwani yenyewe ina jina la ukoo wake! Bwege, kanionyesha mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Anwani ile nimeijaribu kwenye simu. Hewa tupu! Binti anasema si lazima ifunguke, kazi yake kutofautisha maneno tu. Wamemlisha nini mtoto huyu? Nimeifuta, nikaweka yetu: nyumba ya kona, geti la kijani, mkabala na fundi viatu. Hapo hata mgeni hapotei.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu! Mbele ya mkubwa, hospitali ya pili ikatafuta wagonjwa wa ile ya kwanza. Hakuna hata mmoja! Maneno yaleyale, ila kwake bado iko anwani ya Miwani, yetu ngeni, basi ikayakana. Binti kaona geti la kijani, kanipigia analia. Wamepewa hadi kesho. Moyo wangu jamani!

Miwani kaja kurudisha anwani yake. Kasema shikamoo mama, nyumba yako nzuri, tatizo haina wagonjwa. Nimempa chai. Ya baridi.

Ijumaa, 7 Juni
Imepita! Binti kaajiriwa! Nimemkumbatia mpaka kalalamikia mbavu. Kaniapisha nisiguse tena kompyuta yake. Nimeapa, na sitaigusa.

Ila jina la ukoo wa Miwani bado liko juu, linang'aa. Nami kosa nimeliona: nilibadilisha upande mmoja tu. Jumatatu naenda hospitali ya pili. Mlinzi wa chumba chao cha kompyuta nampikia Jumapili.