Masharubu ya Kijani ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Nina hasira. Mama mkwe amechoka kumwona marehemu mumewe akiwa wa kijivu pichani. Anataka picha ya rangi, itundikwe sebuleni kwake Jumamosi, ukoo ukikutana. Akamtazama nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu, mwalimu wa kuchora, ambaye hamalizi sentensi bila kusema taratibu. Mimi ndiye kinyozi niliyechora vichwa saba kwenye ukuta wa saluni yangu. Nani aliyenikumbuka? Hakuna.

Nikasimama, nikasema nitachora mimi. Mke wangu akanifinya. Nikarudia kwa sauti zaidi. Mama akanikabidhi picha yenyewe, ukubwa wa daftari. Zingine zote ziliharibika paa lilipovuja. Akasema, “Mwanangu, hii ndiyo iliyobaki. Itunze.” Shemeji akaiomba kidogo, akaenda nayo dirishani, simu mkononi. Wivu tu.

Jumanne, 4 Juni
Bwana Taratibu kaja saluni mbele ya wateja na boksi la kalamu zake za rangi, zile za wino wa spiriti, kila moja ncha mbili. Na hotuba juu! Nitumie karatasi nzito. Niweke kitu chini, wino hupenya. Nijaribu kila rangi pembeni kwanza, kifuniko hudanganya. Nianze na rangi nyepesi, nisubiri ikauke. Kalamu zilale, zisisimamishwe. Eti kalamu zilale! Zina usingizi?

Alipoondoka tu nikazisimamisha zote kwenye kopo la vitana. Hata mtoto wa chekechea anapaka rangi bila hotuba.

Jumatano, 5 Juni
Nina akili kuliko anavyodhani. Mke wangu ni fundi cherehani, ana karatasi nyembamba za kukatia mitindo. Nikatandaza moja juu ya picha ya marehemu, kila kitu kikaonekana. Nikafuatisha kwa kalamu ya kawaida: pua, masharubu, koti. Safi!

Nikaanza na koti, bluu nzito kabisa. Bluu ikavuka kola, ikapanda shingoni. Mistari yangu ikayeyuka, pua ikahamia shavuni. Karatasi gani hii? Nikamgombeza mke wangu kwa kununua karatasi mbovu. Akanijibu kwamba karatasi hiyo ni ya magauni, si ya baba yake.

Shemeji kauliza kwa simu kazi inaendaje. Nikamjibu inaenda vizuri mno.

Alhamisi, 6 Juni
Nikatandaza karatasi mpya juu ya ile ya jana, sikuinua kitu. Leo uso. Kifuniko kinasema kahawia, karatasi inasema chungwa! Nikapaka tena juu yake. Na tena. Kusubiri ikauke ni kazi ya wavivu. Karatasi ikaota manyoya, ikachanika kwenye paji la uso.

Nikahamia kwenye masharubu. Kalamu nyeusi, ncha ya juu kavu kabisa, ya chini inamwaga kama bomba bovu. Ikaisha. Nikachukua kijani nzito, nikajiambia ikikauka itakuwa nyeusi.

Haikuwa. Nikaziinua karatasi zote mbili kwa hasira. Chini yake, kwenye picha pekee ya marehemu, shingo ya bluu, paji la chungwa na masharubu ya kijani.

Nikakimbilia spiriti ya kusafishia mashine za kunyolea. Nikasugua. Jicho la kushoto likaondoka.

Ijumaa, 7 Juni
Mpango: nitairudisha kwenye bahasha, niseme imechakaa kwa uzee. Mpango mzuri. Lakini mke wangu akakuta masharubu mengine ya kijani yamepenya hadi kwenye meza yake ya kukatia, akadai bahasha. Nilitegemea kelele, nilikuwa na majibu tayari. Akakaa chini akalia, akasema hata sura ya baba yake nimemnyang’anya. Niliona aibu, kwa kweli niliona aibu, kama dakika tano hivi. Kisha nikakumbuka kalamu ni za nani, hasira ikarudi.

Jumamosi, 8 Juni
Ukoo mzima sebuleni. Shemeji akaingia na fremu. Marehemu ndani yake, koti la bluu, anakaribia kucheka. Mama akagusa kioo, akasema, “Ndiye.” Akaniomba ile ya zamani. Nikampa bahasha. Aliitazama muda mrefu. Akasema alinipa kama anavyompa mwanawe wa kumzaa. Afadhali angenitukana.

Mke wangu akamuuliza kaka yake aliwezaje bila picha. Akajibu aliipiga picha kwa simu siku ile dirishani, kwa sababu ananijua. Watu wakacheka! Nikatumwa kupanga viti.

Jumapili, 9 Juni
Nilipokwenda kurudisha viti nilivyoazima kwa jirani wa Mama, nilipita sebuleni kwake nikachungulia ile picha ya Shemeji. Sikio la kushoto limepauka! Ukoo mzima haukuona, ila kinyozi masikio ndiyo kazi yake. Mama alikuwa ametoka. Nimeiazima ukutani, nimeitoa kwenye fremu, ninayo hapa. Nitairekebisha irudi kabla hajajua, halafu tuone nani atacheka.

Safari hii niko makini. Sikurupuki. Nimetandaza ile karatasi ya mke wangu juu yake, nijaribu sikio hapo kwanza. Nyeusi imeisha, lakini kijani bado ina wino wa kutosha.