Malalamiko Kuhusu Bahari Isiyo na Zamu

Mamba, Same
Juni 1992

Kwa Ndugu Sefu,
Karani wa Kupima Mwani,
Kaskazini Unguja.

YAH: BAHARI YENU, NA MKE WANGU

Ndugu Mkwe,

Pokea salamu za heshima kutoka milimani. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kwa baridi. Mbuzi nao wazima. Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu niliporudi kutoka kwenu, nikijiambia, Eliezeri nyamaza, mkwe ni mtu wa heshima. Nimenyamaza hadi nimechoka. Sasa naandika, tena siandiki kama baba mkwe, naandika kama msimamizi wa ndiva. Ndiva ni lile bwawa letu linalokusanya maji usiku, na mchana tunayafungulia mashamba ya tangawizi kwa zamu, kila mtu na siku yake. Kazi hiyo ninayo tangu mkeo Stumai akibebwa mgongoni. Kwa hiyo nikisema nayajua maji, sijisifu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukimya. Mlipotualika mimi na mama yenu Agatha tuje kumwona mjukuu wetu Wema, mlisema pwani yenu ni tulivu, ya watu na familia zao. Hamkusema ni tulivu kiasi kile! Kwetu kijiji kikinyamaza mchana, ujue kuna msiba. Siku ya kwanza nilivaa koti nikapita nikitoa pole kwa kila familia iliyokaa mchangani. Wale wageni wa Ulaya waliolala kifudifudi niliwapa pole mara mbili, maana niliona wao ndio wafiwa hasa. Hakuna aliyenisahihisha. Mmoja alinipa biskuti.

2. Maji. Usiku nililala bahari ikiwa karibu na mlango wako. Asubuhi natoka, haipo! Imekwenda mbali kabisa, mashua zimelala ubavu kwenye tope. Nikauliza ni nani aliyefungulia maji usiku kucha bila kibali, na kamati yenu iko wapi. Ukanijibu kwa adabu kwamba ni mwezi. Mkwe wangu, mwezi huo huo unawaka Mamba, na haujawahi kugusa ndiva yangu.

Sikulalamika tu, nilichukua hatua. Niliazima jembe nikaitisha msaragambo, kama tunavyofanya kwetu mfereji ukibomoka: watu wote, kazi moja, hakuna malipo. Nakiri walikuja. Watoto walileta vindoo, baba zao wakachimba kwa mikono, wale wafiwa wa Ulaya nao wakaamka, na tukajenga ukingo wa mchanga ambao ningeuonyesha hata kwa bwana shamba wa wilaya. Mchana bahari ikarudi na kuuzoa wote. Badala ya kusikitika, watu walipiga makofi! Nikabaki nimesimama na jembe la watu, viatu vimejaa maji.

3. Agatha. Hapa ndipo penye kidonda. Nilimwacha kwenu amsaidie Stumai kulea hadi arobaini ya mtoto ipite. Arobaini imepita, mtoto ameota meno, mama yenu hajarudi. Nasikia bahari ikitoka naye anashuka na akina mama, anachomeka vijiti na kufunga kamba, analima mwani. Na kamba amezipata kwako! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema umpe na shamba.

Stumai ameniandikia kwamba mama yake anaridhika sana na kilimo hicho, kwa kuwa maji huja yenyewe mara mbili kwa siku na haombi mtu. Sentensi hiyo nimeirudia sana, na sioni inanihusu nini. Shamba lake la tangawizi liko mwisho wa mfereji, na siku zote nimempa zamu ya mwisho, ili asije mtu akasema msimamizi anampendelea mkewe. Kiangazi kikikaza, maji yanakauka kabla ya kumfikia. Hiyo inaitwa haki. Kijiji kizima kinanisifu kwa hilo, isipokuwa yeye.

4. Sabuni. Miaka ile ya foleni tulikuwa na vijisenti na duka tupu. Siku hizi ni ruksa, duka limejaa na mfuko ndio mtupu, tangawizi yetu mlanguzi anaipangia bei anavyotaka. Katikati ya shida hiyo Agatha ananitumia sabuni na sukari kwa basi. Nateremka hadi Same kuchukua, na utingo anaitangazia stendi nzima kwamba mke wa mzee katuma tena. Aibu gani hii! Sukari nimeila, lakini kwa uchungu.

5. Nyumba. Katika hili sina hoja, nina hasira tu. Mchungaji ananiuliza habari za Agatha kila Jumapili, kwaya imepwaya bila sauti yake. Ugali wangu hata mbwa anaunusa kwanza. Jioni natoa habari za ndiva, nani kagombana na nani, kisha nakumbuka kwamba hakuna anayesikiliza. Namkumbuka, Sefu. Nimelisema.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: bahari iundiwe kamati, ipangiwe zamu, na Jumapili ifungwe. Shamba la Agatha lihamishiwe mwisho kabisa, kule maji yanakofika kwa kuchelewa. Atachoka, na akichoka atarudi.

Msalimie Stumai, umbusu Wema, wasalimie na wote waliojenga ukingo.

Ni mimi baba mkwe wako mwenye kinyongo cha heshima,

Eliezeri
Msimamizi wa Ndiva

N.B. Usifanye lolote kati ya niliyoomba hapo juu, hasa lile la kuhamisha shamba. Kizibo cha ndiva nimemkabidhi jirani yangu Hezroni, asimamie yeye, nami Jumanne napanda basi. Agatha usimwambie nakuja kumchukua. Mwulize tu, kwa upole, kama kando ya kamba zake kuna nafasi ya mtu mmoja. Akisema nisubiri zamu, mwambie nitasubiri.